Kuwafungia Mlango Wanagenzi wa Saikolojia ni Kumfungia Mgonjwa

Kila mwaka, vyuo vikuu vya nchi hii vinapofunga masomo ya darasani, vijana wa kike na wa kiume wanaosomea saikolojia hutoka na barua mkononi kwenda kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Hubisha hodi katika hospitali za magonjwa ya akili, katika vitengo vya afya ya akili vya hospitali za mikoa, katika nyumba za upataji nafuu za waraibu wa dawa za kulevya, katika ofisi za ustawi wa jamii, na katika mashirika ya hiari yanayotoa ushauri nasaha. Wapo wanaopokelewa kwa heshima na kufundishwa kazi. Lakini wapo pia, tena si haba, wanaokutana na jibu ambalo kila mtumishi wa umma analifahamu, kwa kuwa ni jibu la urasimu tangu enzi za mkoloni: nafasi hakuna, mkuu hayupo, acha barua yako masijala, njoo wiki ijayo.

Jibu hilo linastahili kupingwa hadharani. Anayestahili lawama si karani aliyetumwa kulisema. Kinachostahili lawama ni fikra iliyo nyuma yake, kwamba mwanagenzi ni mzigo, na kwamba taasisi inayompokea inamfanyia hisani yeye na chuo chake. Fikra hiyo ni potofu. Taasisi ya afya ya akili inayokataa kupokea wanagenzi inakataa kuzaa. Na aliyekataa kuzaa kwa hiari yake hana haki ya kulia mbele za watu kwamba nyumba yake haina watoto.

Kilio chenyewe kinasikika kila mahali. Hakuna mkutano wa wataalamu wa afya ya akili unaomalizika bila ya mtu kusimama na kulalamikia uhaba wa watumishi. Malalamiko hayo yana msingi. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2022 kwamba mtu 1 kati ya kila watu 8 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo hilo lilionyesha katika takwimu zake za mwaka 2020 kwamba nchi tajiri zina wahudumu wa afya ya akili zaidi ya 60 kwa kila watu 100,000, hali nchi maskini zina wahudumu wasiofika 2 kwa idadi hiyo hiyo ya watu. Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 duniani hujiua. Mbele ya hesabu kama hizo, kila mkuu wa taasisi anayesema kwamba watumishi hawatoshi anasema kweli. Lakini akishasema kweli hiyo aulizwe swali la pili: je, mwaka huu amesaidia kuwalea wangapi?

Dawa huagizwa. Jengo hujengwa. Sheria hutungwa na Bunge. Mtu anayeweza kuketi na mgonjwa kwa saa nzima, akamsikiliza bila kumhukumu, akatenganisha yale aliyoyasema na yale aliyoogopa kuyasema, hawezi kuagizwa kwa meli wala kutungwa kwa sheria. Huyo hulelewa, na hulelewa mahali wagonjwa walipo.

Tulichorithi

Nchi hii haikuanza jana katika jambo hili. Kituo cha Lutindi, wilayani Korogwe, kimekuwa kikiwatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, katika utawala wa Waingereza, na katika enzi hizo kazi kubwa ya hospitali ya akili ilikuwa kumwondoa mgonjwa machoni pa watu. Ndiyo maana hadi leo jina la Mirembe limegeuzwa kuwa tusi la mitaani, na mtu akibishana na mwenzake humwambia apelekwe huko. Baada ya Uhuru juhudi zilifanywa kuivunja hali hiyo. Palianzishwa vijiji kama Vikuruti, Dar es Salaam, ambako waliokuwa wakipata nafuu walilima na kuishi maisha ya kawaida badala ya kukaa wodini miaka nenda miaka rudi. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kwa lengo la kuifikisha huduma hiyo katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Akili. Mwaka 2011 Muhimbili ikaanza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini.

Hatua zote hizo zilikuwa njema. Lakini kila moja ilidai watu. Kijiji cha wagonjwa kinataka mtu anayejua kwa nini mgonjwa aliyepona wodini huanguka tena akirudi nyumbani. Zahanati inataka mtu atakayegundua kwamba mama anayekuja kila wiki kulalamikia kichwa na kifua hana malaria. Mraibu anayekunywa methadoni kila asubuhi anamhitaji mtu wa kumsaidia kupanga mchana wake, maana methadoni humwondolea arosto lakini haimrudishii mke, kazi wala marafiki. Mtu huyo ndiye mwanasaikolojia. Anapokosekana, daktari mmoja hulazimika kuwaona wagonjwa wengi kwa dakika chache kila mmoja, na mazungumzo hupungua mpaka yakawa maswali mawili: unalala, na dawa unakunywa?

Kwa nini darasa halitoshi

Hakuna mtu anayepaswa kulielewa jambo hili kwa wepesi kuliko mwalimu. Kila mwalimu aliyepita chuoni alifanya mazoezi ya kufundisha. Alisimama mbele ya watoto wa watu huku magoti yakitetemeka, akiwa na andalio la somo mkononi, na nyuma ya darasa ameketi mkufunzi anayeandika. Mwalimu mwenyeji wa darasa hilo hakusema kwamba hana nafasi. Hakusema kwamba watoto wake watachezewa. Alijua kwamba yeye naye alisimama hapo hapo miaka iliyopita. Daktari naye hapewi usajili kamili kabla ya mwaka wake wa mazoezi hospitalini, na muuguzi hushika mkono wa mgonjwa mbele ya muuguzi mkuu kabla ya kuachiwa zamu. Iweje basi anayekwenda kutibu nafsi ya mtu aonekane anaweza kuivia kitabuni?

Wenzetu walilitatua swali hili zamani. Mwaka 1949 wanasaikolojia wa Marekani walikutana Boulder, katika jimbo la Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia wa tiba afundishwe sayansi na utendaji kwa pamoja, na kwamba mwaka mzima wa mafunzo yake autumie kazini chini ya usimamizi. Afrika ya Kusini hudai miezi 12 ya mazoezi, na tangu mwaka 2003 humtaka mwanasaikolojia wa tiba kuongeza mwaka mmoja wa kuwatumikia wananchi kabla ya kufanya kazi kwa kujitegemea. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Hapa petu, Mwalimu Nyerere alikwisha kueleza mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, hatari ya elimu inayomtenga kijana na jamii yake na kumfanya aamini kwamba ujuzi wote unaofaa umo vitabuni. Ni ajabu kwamba miongo mingi baadaye bado yapo majengo ya umma ambamo mlango unaounganisha kitabu na mgonjwa umetiwa komeo.

Tena kwa nchi hii sababu ni kubwa zaidi, nayo ni lugha. Vitabu vya saikolojia vinavyosomwa vyuoni vimeandikwa kwa Kiingereza, na maswali ya kupima maradhi yalitungwa kwa ajili ya watu wa London au Chicago. Mgonjwa wa Kondoa au Sengerema hazungumzi hivyo. Haji akasema kwamba ana sonona. Husema ana mawazo. Husema moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwilini kuna wadudu wanatambaa, usiku unapita macho makavu. Mwanafunzi aliyefaulu mitihani yote hawezi kujua kwa kusoma tu ni lini "mawazo" ni dhiki ya mkulima aliyekosa mvua na ni lini ni ugonjwa unaomwelekeza kwenye kamba. Hujifunza kwa kuketi karibu na muuguzi aliyefanya kazi hiyo miaka 20, akasikia anavyouliza, anavyonyamaza, na anavyowaomba shangazi na wajomba watoke nje kidogo ili mgonjwa apate kusema.

Wazimbabwe wametoa mfano unaofaa kuigwa. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza mjini Harare kuwatumia akina bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye matatizo, wakiwa wameketi kwenye mabenchi katika viwanja vya zahanati. Hawakuanza na jina la kigeni la ugonjwa. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa "mawazo" ya Waswahili. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba waliopata huduma hiyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wengi husimulia habari hiyo wakasahau nusu yake iliyo muhimu: akina bibi hao walifundishwa, wakapewa utaratibu wa kufuata, na wakasimamiwa. Ikiwa bibi mwenye hekima ya miaka 60 alihitaji usimamizi, kijana wa miaka 23 anauhitaji zaidi.

Visingizio

Wanaofunga mlango hutoa sababu, na haki inadai zijibiwe moja baada ya nyingine.

Husemwa kwanza kwamba siri za wagonjwa zitavuja. Ni hoja nzito kwa sura, lakini wanafunzi wa udaktari na uuguzi wameshinda wodini miaka yote hii, wakisoma mafaili na kupima miili ya watu, bila hospitali kufungwa kwa sababu hiyo. Siri hulindwa kwa kiapo, kwa mafunzo na kwa adhabu. Mwanagenzi atie sahihi siku ya kwanza. Taarifa anayoiandikia chuo isiwe na jina la mgonjwa wala kijiji chake. Faili lisitoke jengoni. Na akibainika ameivunja ahadi, arudishwe chuoni siku hiyo hiyo. Anayetumia siri ya mgonjwa kama kufuli la mlango ajiulize kwanza kama katika taasisi yake mafaili hayasomwi na kila apitaye masijala.

Husemwa pili kwamba muda hakuna. Ni kweli kwamba mwanagenzi, katika majuma yake ya mwanzo, huchukua zaidi ya anavyotoa. Kila mwanafunzi wa kila fani yuko hivyo, na mfinyanzi hatarajii chungu kutoka katika udongo ambao haujakandwa. Lakini akishashika kazi, huandika historia ya mgonjwa kwa utulivu ambao daktari mwenye foleni mlangoni hawezi kuupata. Huzungumza na ndugu waliomleta mgonjwa. Huwafuatilia walioacha kuhudhuria. Huwasaidia wagonjwa katika vikundi. Saa moja au mbili za msimamizi kwa wiki hurudi zikiwa saa nyingi za huduma. Mkuu wa taasisi asiyeona faida hiyo hajafanya hesabu, au anaiogopa.

Husemwa tatu kwamba hakuna mwanasaikolojia wa kumsimamia. Hoja hii ndiyo yenye uzito, wala haifai kupuuzwa. Mwanagenzi asiyesimamiwa ni hatari kwa mgonjwa na kwake mwenyewe. Lakini dawa yake ipo. Uongozi wa kila siku unaweza kutolewa na muuguzi wa afya ya akili, daktari, au afisa ustawi wa jamii. Na uongozi wa kitaaluma utolewe na mhadhiri wa chuo kila wiki, kwa kufika au kwa simu, kwa siku na saa iliyopangwa. Pale ambapo hata hilo haliwezekani, taasisi iseme hivyo kwa maandishi, na kijana apelekwe mahali pengine. Kukataa kwa namna hiyo ni uaminifu. Kunakolaumiwa hapa ni kukataa kwa mazoea.

Husemwa nne kwamba wanagenzi huondoka mapema na kumwacha mgonjwa njiani. Hili nalo ni kweli, na linawagusa wapangaji wa mitaala kuliko taasisi. Mtu aliyemfungulia mwanagenzi moyo wake kwa mara ya kwanza maishani, kisha Jumatatu akakuta kiti kitupu, ameongezewa jeraha. Kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyekuja kwa majuma machache atazame, asaidie, ajifunze kuhoji, lakini asianzishe tiba asiyoweza kuimaliza. Anayekaa miezi mingi ndiye apewe wagonjwa wake, wachache, nao waambiwe tangu mwanzo ataondoka lini na nani atawapokea. Kumwaga mgonjwa ni sehemu ya tiba, na kunafundishwa.

Vibarua wa bure

Yapo maovu mawili yanayofanywa na taasisi zinazopokea, na hayo yasifichwe kwa kuwa tu mlango ulifunguliwa.

La kwanza ni kumgeuza mwanagenzi kuwa kibarua. Kijana aliyesoma miaka mitatu nadharia za utu na maradhi ya nafsi hupewa kazi ya kudurufu karatasi, kupanga mafaili, kununua vitumbua vya saa nne, na kusimama mstari wa mbele wafadhili wanapokuja kupiga picha. Majuma yakiisha hugongewa muhuri kwamba amefuzu. Amefuzu nini? Ameibiwa muda wake, mzazi wake ameibiwa nauli, na Taifa limeibiwa mtaalamu.

La pili ni kinyume chake, nalo ni baya zaidi. Siku ya pili tu kijana huingizwa katika chumba peke yake na mtu aliyejaribu kujiua, eti kwa kuwa yeye ndiye "mtu wa saikolojia". Anayefanya hivyo hampi mwanagenzi imani. Anaukimbia wajibu wake mwenyewe. Mgonjwa si ubao wa kujifunzia kuandika. Ana haki ya kuambiwa kwamba aliye mbele yake ni mwanafunzi, ana haki ya kusema hapana, na akisema hapana asipunguziwe huduma hata chembe. Kati ya kumnyima mwanagenzi mgonjwa kabisa na kumtupia mgonjwa mzito ipo ngazi inayojulikana: atazame, kisha afanye huku akitazamwa, kisha afanye peke yake na kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Kuruka ngazi hiyo ni uzembe, hata ukipewa jina la uhaba wa watumishi.

Hapana budi pia kuzungumzia fedha na undugu. Taasisi ya umma inayomtoza mwanagenzi ada ya kupokelewa inamtoza mwananchi mara mbili, kwa maana imejengwa kwa kodi ya baba yake. Na pale ambapo nafasi hazitangazwi, nafasi hugawanywa kwa simu za wajomba. Mtoto wa mkulima wa Kasulu aliyeandika barua mapema na kwa adabu huambiwa hakuna nafasi, na wiki hiyo hiyo mpwa wa mkurugenzi huonekana ndani amevaa kitambulisho. Wazee wa enzi za azimio waliliita jambo hilo ndugunaizesheni, wakalicheka na kulipiga vita kwa pamoja. Kicheko kimekwisha; vita haijaisha.

Vyuo navyo

Isidhaniwe kwamba kosa lote liko hospitalini. Kipo chuo kinachowamwaga wanafunzi makumi katika hospitali moja kwa wiki moja, bila kuuliza hospitali hiyo ina vyumba vingapi vya mazungumzo. Yupo mhadhiri ambaye, katika kipindi chote cha mafunzo, hufika mara moja, husaini daftari la kumbukumbu bila kulifungua, hupokea posho yake na kuondoka na gari likiwa halijapoa. Mhadhiri huyo akisimama tena darasani kufundisha maadili ya kazi, wanafunzi wake wanajua tayari maadili hayo yana uzito gani.

Chuo kinachotaka taasisi iwapokee wanafunzi wake kipeleke kwanza mwalimu, ndipo kilete mwanafunzi. Kikae na taasisi kiulize: mnahitaji nini, mnaweza kupokea wangapi, nani atasimamia nini, na matatizo yakitokea usiku apigiwe nani? Kiwafundishe wauguzi na madaktari wanaosimamia namna ya kumsimamia mwanafunzi, kwa kuwa kujua kutibu si kujua kufundisha. Na kiwape shukrani inayoonekana: kozi fupi, vitabu, cheti cha usimamizi kinachohesabika wakati wa kupandishwa cheo. Chanda chema huvikwa pete.

Wanagenzi nao wanastahili karipio lao. Anayefika saa tatu wakati zamu imeanza saa moja na nusu hajaja kujifunza. Anayepiga picha wodini kwa simu ya mkononi na kuzisambaza kwa rafiki zake amekwisha kujiondoa katika kazi hii kabla hajaiingia. Na yule anayemdharau muuguzi mwenye cheti kwa kuwa yeye anatafuta shahada, ajue kwamba mgonjwa akichafuka usiku wa manane, shahada yake haitamtuliza, bali sauti ya muuguzi huyo.

Shule zinangoja

Walimu wanaweza kuuliza: haya ya hospitali yanatuhusu nini? Yanawahusu sana. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kati ya Januari 30 na Machi 18, ilipobidi shule ifungwe, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Jambo hilo lilifika hadi kijiji cha Nshamba, ambako watu 217 walipatwa pia. Madaktari walipima damu na kuchunguza chakula, wasipate sumu wala kijidudu. Ilikuwa hofu na shinikizo la nafsi vilivyoambukizana kati ya watu wanaoishi pamoja. Habari za Kashasha huandikwa katika vitabu vya nje kama kichekesho cha Afrika. Kwa mwalimu wa bweni ambaye amewahi kuona wasichana 10 wakianguka na kupiga mayowe usiku mmoja, wala hakuna cha kuchekesha.

Mwalimu huyo humwita nani? Mara nyingi huita mchungaji, shehe, au mganga, kwa kuwa ndio walio karibu. Shule ina mwalimu wa unasihi, lakini mwalimu huyo ana vipindi vyake vya hisabati na madaftari ya kusahihisha. Hospitali ya wilaya ingekuwa na wanagenzi wanaosimamiwa, msimamizi angeweza kwenda nao shuleni, wakawatenganisha waliopatwa na wasiopatwa, wakawasikiliza mmoja mmoja, wakawaeleza wazazi bila kuwatisha. Shule ingepata msaada, na wanagenzi wangejifunza jambo ambalo hakuna chumba cha mtihani kinachoweza kulifundisha. Miaka mitano baadaye mmoja wao angerudi katika wilaya hiyo akiwa mtumishi kamili, anayeijua njia ya kwenda shuleni.

La kufanya

Mambo yanayotakiwa si mengi, wala hayahitaji mfadhili.

Kila taasisi ya umma ya afya ya akili itangaze kila mwaka idadi ya wanagenzi inayoweza kuwasimamia, na igawe nafasi hizo kwa utaratibu ulio wazi. Idadi ikiwa 3, iwe 3. Watatu waliofundishwa wanafaa kuliko thelathini waliogongewa mihuri. Kazi ya kusimamia iandikwe katika majukumu ya mtumishi na ipimwe katika upimaji wake wa kila mwaka, maana kazi isiyopimwa huangukia mabega ya wenye huruma peke yao, na wenye huruma nao huchoka. Chuo na taasisi ziwe na mkataba unaosema bayana wajibu wa kila upande. Ada ya kupokelewa ifutwe katika taasisi za umma. Mgonjwa aulizwe, na jibu lake liheshimiwe. Na mashirika ya hiari na nyumba za upataji nafuu, ambazo hupenda kujiita wadau wa maendeleo, zionyeshe udau huo kwa kufundisha badala ya kutafuta mikono ya bure.

Hakuna hata moja katika hayo linaloshinda uwezo wa nchi hii. Linalohitajika ni kwa mkuu wa taasisi, atakapoletewa barua ya mwanagenzi ajaye, asiitume masijala. Aisome, amwite muuguzi mkuu, amuulize nani anaweza kumsimamia kijana huyu na tangu lini, kisha aandike jibu siku hiyo hiyo. Likiwa ndiyo, kazi ianze Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Likiwa hapana, sababu iandikwe chini yake, pamoja na jina la aliyeitoa, ili siku taasisi hiyo itakapolalamika tena kwamba haina wataalamu, faili lifunguliwe na wote wasome.